Mbu wa Jioni

"Nani kafungua hapa?" aliuliza Ottavina, na hapakuwa na wa kumjibu isipokuwa vyura.

Baiskeli aliiacha ianguke kwenye nyasi, jembe likadondoka juu yake. Shamba alilolikausha wiki nzima, akizibua hapa na kuziba pale, akikwangua tope mpaka kiuno kikagoma, lilikuwa limejaa maji upya, utadhani ni mwezi wa tano na mbegu ndiyo kwanza inatupwa. Mpunga umeshageuka rangi, masuke yameinama, mashine ya kuvuna imeshaagizwa, na chini yake maji tele! Korongo wawili walikuwa wanatembea humo kwa maringo kama wenye shamba.

"Potelea mbali," alisema. Kisha akasema na mengine ambayo padri wetu asingependa kuyasikia, nami siyarudii.

Lango la ubao la kuzuia maji ya mfereji lilikuwa limeinuliwa mpaka juu, na aliyeliinua hakuwa mwizi. Mwizi wa maji hufungulia shamba lake, hafungulii la mwenzake. Huyu alijua mtaimbo unafichwa wapi. Alijua ubao ule hugoma upande wa kushoto, na lazima uupige teke kwanza. Katika kijiji chetu chote walikuwapo watu wawili tu wenye ujuzi huo, na mmoja wao alikuwa Ottavina mwenyewe.

Wa pili alimkuta ng'ambo ya tuta, amekaa chini ya miti ya mipopla, miguu ndani ya mfereji na viatu vyake. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kurina asali: shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka kooni, soksi zimevutwa juu ya suruali, kofia pana yenye wavu, na mafuta ya kufukuza mbu yaliyonuka ndimu mpaka huku. Saa nne asubuhi, mwezi wa nane, katika joto la kuyeyusha mishumaa. Huyo ndiye Evasio, mdogo wake.

"Evasio! We Evasio! Nani kakutuma?"

"Mpunga una kiu," alisema Evasio bila kugeuka.

"Mpunga wa kuvunwa una kiu? Unataka mashine ya Remigio izame humu mpaka kwenye vioo, halafu mimi nikaivute kwa meno?"

"Usinigombeze. Mama kasema nifungue."

"Mama yupi?"

"Mama yetu. Kapita hapa sasa hivi. Kavaa buti."

Mama yao alikuwa kaburini tangu Ottavina ana nywele nyeusi. Ottavina alishika kiuno, akavuta pumzi kwa pua. Alidhani anafanyiwa mzaha, na ni haki yake kudhani hivyo. Tangu Evasio alipoacha kazi ya kugawa maji na dada yake kuishika, hakumwachia kwa moyo mmoja. Alikuwa akimfuata kwenye matuta na kumwambia lango hili umelishusha mno, mfereji ule umeuachia magugu, enzi zangu Remigio hakuwahi kulalamika. Uongo mtupu. Remigio, mwenye mashamba, hulalamika hata akiwa usingizini.

"Haya, cheka basi tumalize," alisema Ottavina. "Kisha uinuke unisaidie kushusha ule ubao."

Evasio hakucheka. Alinyoosha mkono kuvua kofia, mkono ukatetemeka, ukapita pembeni ya kofia, ukashika hewa. Akajaribu tena, akakosa tena. Ottavina alishuka tutani akamshika shingo. Ilikuwa moto kama sufuria.

Sasa, huyu Evasio si mtu wa kuachiwa awe na homa. Mtu mwingine akipata homa hupewa supu na kulaumiwa. Evasio figo zake zote mbili zilikufa, akawa mtu wa mashine ya kusafishia damu, leo hospitali, kesho kitandani, keshokutwa hospitali, uso rangi ya majivu. Hana mke, hana mtoto. Ottavina, mjane aliyekuwa amejipangia uzee wa kupumzika, alikwenda kupimwa damu bila kumwambia mtu, akarudi akatangaza mezani kuwa atampa figo moja. Evasio alikataa. Alisema hataki deni la namna hiyo na dada mwenye mdomo wa namna hiyo.

"Ninazo mbili," Ottavina alimjibu, "na moja inanitosha kwa hasira zangu zote."

Ikakatwa huku, ikashonwa kule. Tangu siku hiyo Evasio anameza dawa asubuhi na jioni za kuupumbaza mwili wake, usije ukagundua kuwa figo ile ni ya mgeni ukaishambulia. Mwili uliopumbazwa hivyo hauwezi kuchagua: haupigani na figo, lakini haupigani na kitu kingine pia. Ndiyo maana Ottavina aligeuka kuwa askari. Soseji mbichi za salami, marufuku. Saladi huoshwa mpaka inanyong'onyea. Mtu akikohoa kanisani, Ottavina humsukuma Evasio benchi la nyuma katikati ya misa, watu wakigeuka.

Alimkokota mpaka kijijini, yeye akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja na mdogo wake kwa mwingine, akimgombeza njia nzima. Pinot, mwenye baa, alipowaona alikimbia kuwasha gari bila hata kuvua aproni.

Hospitali ya wilaya walimlaza Evasio kwenye kitanda cha magurudumu, wakamtundikia chupa ya maji, wakamwacha ukumbini. Baada ya muda mrefu alikuja daktari mwenye haraka.

"Ni jua kali tu," alisema. "Tumepokea wengi wiki hii. Watu wa umri wake hawanywi maji."

"Umri wake? Huyo ni mdogo wangu!"

"Samahani, mama."

"Ana figo ya kupandikizwa. Yangu. Umeelewa? Na anaongea na marehemu."

"Nimeona kwenye vipimo, figo inafanya kazi vizuri sana," alisema daktari, akitabasamu kana kwamba kamletea Ottavina zawadi. "Apumzike kivulini, anywe maji. Hali isipobadilika, kesho wapigieni simu wale waliompandikiza."

"Kesho!" alisema Ottavina. Lakini daktari alikuwa ameshafika kitanda cha tatu.

Wakarudi. Simu ilikuwa inalia mfukoni njia nzima, na mpigaji alikuwa Remigio, amepita shambani akaona ziwa. Ottavina alimlaza Evasio chumbani, akafunga dirisha, akamwomba Pinot akae mlangoni, akaenda kushusha lango. Angefanya nini? Maji hayangojei. Alipiga ule ubao kwa mtaimbo kwa hasira zote alizokuwa nazo, ukashuka, ukagoma, akaupiga tena, akafungua njia ya kutokea upande wa chini. Maji yakaanza kuondoka polepole, kama mgeni asiyetaka kuaga.

Aliporudi alimkuta Pinot amesimama katikati ya chumba, aproni mkononi, midomo imemkauka.

"Tavina, mimi sikumgusa," alisema Pinot. "Anataka kuvaa, nikamwacha avae."

Evasio alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akijitahidi kuingiza mguu kwenye mkono wa shati. Alifanya hivyo kwa subira kubwa, kama fundi. Mguu ulipokwama kwenye pindo la mkono wa shati, aliinua macho akamtazama dada yake, akatoa maneno ambayo hayakuwa maneno.

Ottavina hakungoja kesho wala nini. Alipiga simu mjini, kwenye hospitali iliyomfanyia upandikizaji, akapigiwa muziki sikioni. Akahamishiwa kwa fulani, fulani akamrudisha kwa muziki. Muziki wenyewe wa harusi! Aliutukana muziki ule mpaka sauti ya mwanamke ikaingia katikati ya tusi ikasema, "Naam, nakusikiliza." Alipoeleza homa, marehemu mama na shati, yule mwanamke hakuuliza mara mbili. Alisema gari la wagonjwa linakuja.

Alikuwa Daktari Noemi Gastaldi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliwapokea mlangoni mwenyewe. Walimchukua Evasio, wakamchoma sindano mgongoni kutoa maji ya uti wa mgongo, wakampeleka kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, na huku nyuma daktari akaketi na Ottavina kwenye viti vya plastiki. Aliuliza habari za chakula, za wanyama, za safari. Kisha akauliza, "Na mbu? Huumwa na mbu?"

Ottavina alihisi ametukanwa.

"Daktari, katika kijiji chetu hakuna nyumba inayopigana na mbu kama yangu. Muulize yeyote. Halmashauri walipobandika zile picha za mbu mwenye mistari, mimi nilikuwa wa kwanza kumwaga visahani vyote vya maua. Vidonge vya kuua viluwiluwi naweka kila mtaro. Hata kaburini kwa mama nimejaza mchanga kwenye chombo cha maua, ili maji yasituame. Na yeye hatoki mchana bila mikono mirefu na mafuta."

"Mchana," alisema daktari.

"Mchana ndiyo. Mbu mwenye mistari si anauma mchana?"

"Anauma mchana. Na jioni ndugu yako anakaa wapi?"

"Jioni anakaa nje. Sote tunakaa nje, nani atakaa ndani na joto lile? Yeye anacheza karata kwa Pinot."

"Amevaa nini?"

Akilini Ottavina alimwona Evasio vilevile alivyomwona kila jioni ya kiangazi kile: jua likishatua anavua kofia, anavua shati, anakwenda bombani nyuma ya baa, anasugua mikono yake kwa sabuni mpaka kwenye kwapa, mafuta yote yanakwenda na maji. Kisha anakaa mezani na fulana isiyo na mikono. Pinot hataki mtu ashike karata zake na mikono yenye mafuta. Karata zikinata, mchezo unaharibika, na sisi huku mchezo ukiharibika watu hawasemeshani mpaka mavuno. Kwa hiyo wote hunawa. Ottavina mwenyewe huwa amekaa pale kando, anamenya maharage, miguu mitupu.

"Fulana," alisema. "Lakini hao wa jioni hawana mistari! Ni hawa wa kahawia, wadogo. Hawa ni wa kwetu. Tumezaliwa nao."

"Ndio hao hao," alisema Daktari Gastaldi.

"Hao hao nini?"

"Ndio wanaobeba. Virusi vinakaa kwa ndege. Mbu wa jioni anamuuma ndege, kisha anamuuma mtu. Wewe na mimi tungeumwa na pengine tusijue, au tupate kihoma tu. Mtu mwenye dawa za figo, virusi vinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Sina uhakika bado, tunangoja majibu. Lakini ningekuwa mtu wa kamari, ningeweka pesa hapo."

Ottavina alikumbuka bango la halmashauri kwenye ukuta wa posta, lile dude lenye mistari, kubwa kama mbuzi, na chini yake ushauri wa kila aina. Alikumbuka jinsi watu walivyokwenda kulitazama na kuapa kuwa mgeni huyo hatapita. Na ikifika jioni, wote nje, mikono wazi, wakijipiga makofi mapajani na kucheka.

"Ndege gani?" aliuliza hatimaye.

"Wengi tu. Kunguru. Hata hao ndege wenu wa mashambani, pengine."

"Sasa mimi nimgombeze nani? Kunguru?"

Daktari hakucheka, jambo lililomwongezea heshima machoni pa Ottavina.

Majibu yalikuja kesho yake mchana, na daktari angeshinda kamari yake. Evasio wakati huo alikuwa haongei hata na marehemu. Alikuwa amelala macho nusu wazi, mkono wa kulia ukitetemeka juu ya shuka, mguu wa kushoto umelala kama si wake. Waliingia kwenye chumba kidogo, daktari akafunga mlango. Ottavina anaijua milango inayofungwa namna hiyo. Hakutaka kukaa.

"Dawa yake iko wapi?"

"Ya virusi hivi hakuna."

"Hakuna! Sasa ninyi jengo zima hili mnafanya nini humu?"

"Tunausaidia mwili wake upigane wenyewe. Shida ni kwamba haupigani, kwa sababu sisi tumeufunga mikono. Kwa zile dawa za figo."

"Basi ufungueni."

"Tukiufungua, unaweza kuigeukia figo." Daktari alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Tunataka kuacha dawa moja kabisa na nyingine kuipunguza sana. Ni kama kwenye mto, mama. Ukifungua lango upande mmoja, maji…"

"Daktari, niheshimu. Usinifundishe mimi malango." Ottavina alipiga meza kwa kidole. "Sema kwa lugha ya watu. Figo inakufa au haifi?"

"Sijui. Nyingine huvumilia. Nyingine hufa."

"Na msipopunguza?"

"Nadhani tutampoteza yeye. Au atabaki, lakini si yule unayemjua."

"Unadhani."

"Nadhani. Ningependa kukuambia najua." Daktari alivaa miwani tena. "Uamuzi wa dawa ni wetu, na siwezi kukutwisha wewe. Lakini yeye hawezi kuongea, huna mwingine na yeye hana mwingine, na figo ilitoka kwako. Sikutaka uambiwe baadaye ukumbini."

Ottavina aligeukia dirisha. Chini kulikuwa na uwanja wa kuegesha magari na watu wanakula aiskrimu. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Figo ile! Ilikaa naye miaka yote bila kumuudhi hata siku moja, haikuwahi kuuma, haikuwahi kulalamika, na alipoitoa ilimwachia kovu ambalo mvua ikikaribia humwambia kabla ya redio. Aliitoa ili ifanye kazi, si ili ipelekwe kwenye baa ikalishe mbu. Na sasa anaambiwa aiachie iende.

Kila mwezi wa sita, mpunga ukiwa mchanga, Ottavina hutoa maji shambani kwa makusudi. Maji yale ndiyo blanketi la mpunga, ndiyo yanayoukinga na baridi ya usiku inayoshuka kutoka milimani, na yeye anayaachia yote yaende. Mimea inabaki uchi kwenye tope, imelegea, imelala kama nywele zilizolowa. Bila hivyo mizizi haishuki, na upepo wa kwanza wa kiangazi unaung'oa mpunga wote ukaelea. Kila mwaka Remigio humpigia simu: Ottavina, unauua! Kila mwaka yeye humjibu aende akalale. Mwaka mmoja ulikufa kweli, nusu ya shamba la juu, kwa baridi ya usiku mmoja. Mwaka uliofuata akatoa maji tena.

"Punguzeni," alisema, bado anatazama dirishani. "Mnangoja nini? Punguzeni."

Kisha alikwenda kukaa kando ya kitanda, na hapo hakuna muuguzi aliyeweza kumnyamazisha.

"Nisikilize wewe mtoto. Najua unanisikia, hujawahi kuwa kiziwi ila kwa makusudi. Sikukupa figo ili uwe unakaa nayo na fulana. Nimekuoshea saladi. Nimechekwa na watu kanisani kwa ajili yako. Nimeshika mtaimbo wako, nimevunjika mgongo kwenye matuta yako, nikakuvumilia unanifundisha kazi ambayo hukuwahi kuifanya vizuri. Halafu unataka kwenda? Kwa sababu ya karata? Ukienda, Evasio, mimi sikusamehi. Nitakuja hata huko juu, nitakutafuta mpaka nikupate, na mama atakuwa upande wangu." Machozi yalikuwa yanamtoka, naye anayafuta kwa nyuma ya mkono kwa ghadhabu, kama mtu anayefukuza inzi. "Ninakupenda, mjinga wewe. Umenichosha."

Evasio alilala vilevile.

Siku zikapita za kukaa kitini. Pinot alipiga simu. Alisema kijiji kizima sasa kinacheza ndani, madirisha yamefungwa, wanapikika humo kama maharage. Alisema pia, kwa sauti ndogo, kwamba anataka kuuliza kitu kuhusu ile habari ya kunawa mikono.

"Usiulize," alisema Ottavina.

"Lakini Tavina, kama ni mimi…"

"Pinot, sote tulinawa. Nenda kawape watu maji baridi."

Homa ilishuka kwanza. Kisha mkono ukapunguza kutetemeka. Macho ya Evasio yakafunguka yote, yakawa yanazunguka chumbani, yanagusa dirisha, yanagusa chupa, yanapita usoni pa dada yake bila kusimama. Hilo la mwisho lilimuumiza Ottavina kuliko homa. Alimwambia daktari, daktari akasema tungoje. Neno hilo alikuwa ameshalichoka; kama lingekuwa kiatu angelitupa mfereji mkuu.

Mchana mmoja waliletewa supu ya hospitali. Muuguzi mnene, mwenye mikono mizuri mitaratibu, aliinua mgongo wa kitanda, akamwachia Ottavina kijiko. Ottavina alipuliza, akamtilia ndugu yake mdomoni kidogo, akangoja ameze. Evasio alimeza. Akakunja uso.

"Tavina," alisema.

Kijiko kilimponyoka Ottavina kikaanguka ndani ya bakuli, supu ikamrukia kifuani.

"Umesemaje?"

"Haina chumvi." Sauti ilikuwa nzito, ulimi unaburuta, lakini maneno yalikuwa maneno. "Nani kapika hii?"

"Yesu na Maria," alisema Ottavina. "Yesu na Maria na watakatifu wote. Siku zote hizi nimekaa hapa matako yamekufa ganzi, nimekuombea kwa mdomo huu, na ukirudi, la kwanza ni chumvi?"

"Haina."

"Haina kwa sababu huruhusiwi! Ulikuwa huruhusiwi kabla na sasa ndiyo kabisa! Kula!"

"Wewe unaweka kidogo," alisema Evasio. "Kwa siri."

"Siweki!"

"Unaweka. Jumapili."

Ottavina alimgeukia muuguzi, akicheka na kulia kwa pamoja, uso umelowa. "Unamsikia? Unamsikia lakini? Ananijua! Ananisingizia!"

Muuguzi alisema ndiyo, anamsikia, na kwamba ni jambo zuri sana. Alisema hivyo akiwa ameinama chini upande wa pili wa kitanda, ambako mfuko wa mkojo wa Evasio ulikuwa umetundikwa. Aliugonga kwa ukucha. Akaunyoosha mrija, akaufuata kwa vidole tangu juu mpaka chini kutafuta kama umejikunja mahali. Haukuwa umejikunja. Akaugonga mfuko tena. Asubuhi ile alikuwa ameumwaga, na tangu hapo kilichoingia kilikuwa kidogo, rangi ya chai iliyokolea, hakikufunika hata sehemu ya chini.

Alinyanyuka, akamtazama Ottavina, kisha akaangalia pembeni.

"Nakwenda kumwita daktari mara moja," alisema kwa upole, na viatu vyake vya mpira vikatoka bila kelele.

"Huyo anatafuta nini huko chini?" aliuliza Evasio.

"Hakuna kitu. Fungua mdomo."

"Baridi sasa."

"Fungua mdomo, Evasio, kabla sijakumwagia kichwani."

Alifungua. Ottavina alimlisha, akamfuta kidevu, akachota tena. Pale mrija unapoingia kwenye mfuko palikuwa na kichupa kidogo cha plastiki, na ndani yake tone moja lilikuwa linakua taratibu, limening'inia. Ottavina alilitazama, kijiko kikiwa hewani, na mdogo wake anamngoja mdomo wazi.